Dawa ya Utitiri

Tangu kiharusi kimpige dada yake, fundi wa mageti alikuwa na tabia moja mbaya: kummalizia maneno. Dada akianza "ma...", maji yameshaletwa. Akianza "di...", dirisha limeshafungwa. Mara nyingi alipatia, basi akajiona bingwa.

Dada alikuwa karani miaka mingi. Sasa mkono wake wa kulia haunyanyui hata kijiko, na kutwa anawapakata simbilisi wake wawili, vinyama visivyo na mkia, vinene kuliko panya, vinavyopiga miluzi vikisikia majani yanachambuliwa. Mmoja mweupe, mwingine wa madoa. Ndio waliobaki kumchekesha.

Mweupe akaanza kunyonyoka mgongoni, anajikuna mpaka damu, akiguswa anapiga kelele. Fundi akaenda duka la dawa za mifugo.

"Nipe dawa ya utitiri."

"Una kuku wangapi?" muuzaji akauliza.

"Kuku gani? Utitiri ni utitiri. Nipe niende, nimeacha geti la mtu nusu."

"Haya bosi, usinimeze."

Akapewa kopo la unga. Nyumbani akamlaza mweupe juu ya gazeti, akamnyunyizia unga mpaka masikioni. Dada akalichukua kopo kwa mkono wa kushoto, akalisogeza machoni.

"Ba..."

"Basi, nimemaliza."

"Ba... ba..."

"Basi, dada, nimekuelewa! Wa madoa nitampaka kesho."

Dada akaligonga kopo kwenye kiti, machozi yakamtoka. Fundi akadhani anamwonea huruma mnyama. Akarudi kazini.

Alasiri alimkuta mweupe anatoa mate, miguu inamtetemeka. Akamfunga ndani ya shati, akatia kopo mfukoni, akakimbia kwa daktari wa mifugo. Daktari, binti mwenye miwani, alisoma kopo kwanza.

"Mzee, hii inapulizwa kwenye banda, kuku wakiwa nje. Huyu anajilamba. Hukusoma hapa?"

"Sikusoma," alijibu, na lilikuwa jibu la maswali mawili, la kopo na la shule.

Kwenye banda. Hapo ndipo "ba" ya dada yake ilipomshukia, akashika ukingo wa meza. Mweupe alikata roho wakiwa bado wanamwosha.

Kesho yake daktari alikuja nyumbani. Wa madoa naye alishaambukizwa. Akampima uzito kwenye mizani ndogo, akavuta dawa kidogo sana kwenye sindano. Alisema itarudiwa baada ya siku kumi, nyasi za kulalia zichomwe, tundu lioshwe kwa maji ya moto.

"Nani atamshika?"

Fundi akanyoosha mikono. Dada akamvutia simbilisi kifuani.

"Mama, kwa mkono mmoja atakuponyoka," daktari akasema.

Akaponyoka kweli, mara mbili. Mara ya tatu dada alimbana kwa kidevu, sindano ikaingia, mnyama akalia. Fundi alikuwa bado amenyoosha mikono. Akaitia mifukoni.

"Dada, nisamehe."

Dada akageukia ukutani.

Daktari akafunga mkoba wake. Mlangoni akamwambia fundi kwa sauti ya chini, "Siku ya kumi tafuta jirani aje kushika."

"Sawa," fundi akasema, akaenda kuchemsha maji.