Miti Arobaini ya Njano

Mume wangu alipaka rangi sebule yetu mara kumi na moja kati ya mwezi wa kwanza na mwezi wa nane, na kila mara alisema ile iliyotangulia ilikuwa ya majaribio. Mara ya nne nilicheka. Mara ya saba nilihamishia cherehani yangu koridoni, kwa sababu mteja mmoja alikuja kuchukua gauni lake akakuta mgongoni lina mstari wa rangi ya maziwa ambao hakuuagiza. Mara ya kumi na moja nilikipima chumba kwa futi yangu ya kushonea, nikamwambia kimepungua. Nilidhani atacheka. Aliichukua ile futi akapima na yeye.

Fundi rangi asiye na kazi ni balaa ndani ya nyumba. Kwa miaka thelathini na moja mume wangu ndiye aliyekuwa akiitwa ukuta ukiharibika mahali pamoja: bomba limevuja, kabati limekwaruza, mtoto amechora. Anaziba, anapiga msasa, anachanganya rangi kwa jicho tu, anapaka, anarudi nyuma hatua tano, na wewe mwenye nyumba huwezi kuonyesha kiraka kilipo hata ukishikiwa panga. Mtaani walimwita Fundi Haionekani. Kisha akaja fundi mwingine mwenye mashine ya kupulizia. Huyo habembelezi kiraka. Anafunika madirisha kwa magazeti, anapuliza ukuta mzima, na saa sita mchana ameshaondoka. Wateja walimfuata mmoja mmoja.

Mume wangu hakulalamika, na hilo ndilo lililonitisha. Aliacha kutoka, kisha akaacha kuongea, kisha akaanza na sebule. Alikuwa akikaa katikati ya viti vilivyofunikwa mashuka, akitazama pembe ya dari, na nikimsemesha anajibu "mm". Mimi nina mdomo, kila mtu anajua, lakini "mm" ile ilinishinda. Niliogopa, nasema kweli, kwamba nimeshampoteza mume wangu na nimeachiwa mtu wa kupaka kuta.

Mwisho wa mtaa wetu kuna hifadhi ya msitu. Watu huingia kutembea kwa miguu, na njia zimewekewa alama za rangi kwenye miti ili mtu asipotee: ukifuata njano unazunguka na kurudi getini, ukifuata nyekundu unapanda kilimani, na kadhalika. Alama hizo zilikuwa zimefifia. Nikaenda mwenyewe kwa Mkuu wa hifadhi, mama mrefu mwenye buti na filimbi shingoni, nikamsifia mume wangu mpaka nikaona haya.

"Aanze na njia ya njano," alisema Mkuu. "Miti arobaini. Ikiniridhisha nampa njia zote tano, na kazi ya kuzitunza mwaka hadi mwaka. Ila mwambie asije akaniharibia msitu."

Nilifikisha ujumbe neno kwa neno. Hapo ndipo nilipoharibu, maana kumwambia Fundi Haionekani asiharibu msitu ni kumwongezea moto kwenye jiko linalochemka.

Alifanya kazi siku sita. Alikuwa akitoka alfajiri na mikebe yake, njano, kahawia, kijivu, nyeusi kidogo, na kurudi jioni akipiga mluzi. Siku ya nne alisimulia habari za gome la mti mmoja kuanzia supu mpaka tunda. Sikuelewa chochote, wala sikuuliza mikebe yote hiyo ni ya nini. Nilikuwa nikimtazama anavyoongea, basi.

Siku ya ukaguzi tuliingia getini watatu: Mkuu mbele, mume wangu na mkoba wake, na mimi nyuma na viatu vya kanisani, kwa kuwa niliambiwa ni matembezi tu. Hatukuwa tumefika mbali Mkuu akasimama, akaegemea mti.

"Haya, Fundi. Mti wa kwanza ni upi?"

"Huo ulioegemea," akasema mume wangu.

Mkuu aliruka, akajikagua shati. Lilikuwa safi. Akautazama mti. Nami nikautazama. Ulikuwa mti.

"Sogea hapa," mume wangu alimwelekeza kwa upole. "Inamisha kichwa kidogo. Umeona sasa?"

Kutoka hapo, kichwa kikiwa kimelala begani, ilionekana: alama ya upana wa kiganja, njano iliyotulia kabisa, na ndani yake amechora mipasuko ya gome, na kivuli cha kila mpasuko, na madoa mawili ya ukungu. Ilikuwa kazi nzuri kupita kiasi. Moyo ulinishuka hadi kwenye viatu vya kanisani.

"Huu ulikuwa rahisi," mume wangu alisema. "Wa tatu ndio ulinisumbua. Kwa nje ni kijivu, lakini ndani una njano yake ya asili. Nimeifuata hiyo hiyo."

Tuliendelea. Mume wangu alikwenda mbele akituonyesha miti, huu hapa, ule pale, na sisi tukiitikia kama wagonjwa wanaoambiwa dawa ni tamu. Kwenye kona ya kwanza tulikutana na daktari wa meno mstaafu, mzee nadhifu mwenye kofia na fimbo ya kutembelea.

"Habari za asubuhi," alisema.

"Nzuri, Daktari."

Baada ya robo saa tulikutana naye tena, akitokea upande ambao hakupaswa kutokea, kofia ikiwa mkononi.

"Habari za tena," alisema, akapita haraka.

Mara ya tatu alikuwa amekaa kwenye gogo na majani yamemwingia kolani. "Jamani, samahanini," alisema, "nyie ni wenyeji wa huku? Natafuta njia ya njano tangu saa moja."

"Uko juu yake, Daktari," mume wangu alimjibu kwa furaha. "Unafuata tu ule mti pale. Mnauona?"

"Hapana," tulijibu sisi watatu kwa pamoja.

Mkuu alizunguka polepole akitazama msitu wake mwenyewe alioufanyia kazi miaka kumi na tisa. Akanyanyua filimbi, akapiga. Ndege waliruka. Hakuna mtu aliyeitika. "Mama," alining'ata sikio, kwa sababu alishindwa kumwambia mwenyewe, "huyu bwana ametufuta."

Lakini mume wangu alikuwa amesikia, akageuka kuniangalia mimi. Nami ilibidi nimwambie. "Baba Watoto, alama inawekwa ili ionekane."

Alifikiri. Niliona wazo linamwingia, na niliona linavyomuumiza. Miaka thelathini na moja ya maisha yake ilikuwa ya kufanya kitu kisionekane. Hakuna aliyewahi kumwita kwa kazi nyingine. "Ulisema nisiharibu msitu," alisema.

Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alichukua mkebe wa njano ambayo haijachanganywa na chochote, akamkabidhi. "Nipakie moja hapa. Kubwa, ya kelele, mtu aione hata akiwa na mafua. Nikiipata moja, kazi ni yako."

Mume wangu alichovya brashi. Alipaka, na kabla hajamaliza mkono ukaanza kulainisha kingo, ukachota vumbi la gome kwa kidole na kulichanganya, na alama ikazama ndani ya mti tukiwa tunaitazama. Akahamia mti wa pili, akapaka kwa mkono wa kushoto. Ikazama. Mti wa tatu alifumba macho. Ilitoka nzuri kuliko zote. Jasho lilikuwa linamtoka, na Daktari, ambaye sasa alikuwa hatuachi kwa kuogopa kupotea, alinong'ona, "Mkono huo ungefaa sana kwenye meno."

Mkuu aliangalia saa. "Fundi, samahani sana. Nitampigia yule mwenzako wa mashine."

Mume wangu aliinamisha kichwa. "Mm," alisema.

Ile "mm". Niliisikia nikaona sebule, na mashuka juu ya viti, na mara ya kumi na mbili, na ya kumi na tatu. Sikufikiri. Nilifungua mdomo.

"Mpigie!" nilimwambia Mkuu. "Mpigie upesi! Yule anamaliza nyumba nzima huyu wangu bado anatafuta bisibisi ya kufungulia mkebe! Huyu siku alipokuja kwetu kujitambulisha hakuniangalia mimi, aliangalia dari, akamwambia mama yangu kwamba ukuta wake umepakwa na adui! Sebule yangu ina matabaka kumi na moja ya rangi, mlango haufungiki! Na ile njano ya jikoni, niseme leo? Sijawahi kuipenda! Nimeivumilia miaka ishirini!"

"Ile ya jikoni?" alisema mume wangu.

"Ile ile! Inafanya uji uonekane mgonjwa!"

Sijui kama mmewahi kumwona mtu mpole akikasirika. Masikio yalimbadilika kwanza. Kisha akachovya brashi yote mpaka kwenye mpini, akaubamiza mti kama anafukuza mwizi, mara moja, mara mbili, akanigeukia rangi ikimchuruzika kwenye kiwiko. "Ya jikoni niliichanganya siku tatu!" alifoka. "Siku tatu, mwanamke! Wewe ndiye uliyesema unataka ifanane na jua!"

Tuliutazama mti sote. Mtini kulikuwa na kitu kibaya ajabu. Kilikuwa kikubwa, kimepinda, kina michirizi hadi kwenye mizizi. Daktari, aliyekuwa amekimbilia mbali kwa kuogopa ugomvi wa watu na wake zao, alipaza sauti kutoka vichakani.

"Naiona! Naiona mpaka huku!"

"Hiyo hapo," alisema Mkuu. "Nataka zote ziwe hivyo."

"Siwezi kuirudia," mume wangu alisema, akihema. "Sikuipaka mimi. Ni huyu."

Mkuu aliniangalia kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. "Mama," aliuliza, "kesho una nafasi?"

Ndivyo nilivyoajiriwa kumuudhi mume wangu, kazi niliyokuwa nikiifanya bure tangu tuoane. Nilifunga cherehani asubuhi, nikabeba kigoda na chupa ya chai, na kwenye kila mti nilikaa, nikavuta pumzi, nikaanza. Njia ya njano niliimaliza kwa mambo ya nyumbani: kukoroma, taulo, tabia ya kuzima taa nikiwa bado ndani ya chumba. Nyekundu niliwagusa ndugu zake. Ya zambarau nilimfufua babu yake na kumlaza tena. Alikuwa akinguruma, anabamiza mti, tunanyanyuka tunakwenda mbele. Wapita njia walitupisha kwa heshima.

Mimi ambaye safari yangu ndefu ilikuwa hadi duka la vifungo, nilijikuta napanda kilima. Viatu vya kanisani vilikufa siku ya pili, nikanunua raba. Katikati ya mti na mti tuliongea mambo mengine, kwa kuwa matusi ni ya kazini. Alinionyesha kwamba kijani ziko nyingi sana, na kwamba kivuli si cheusi. Aliongea, yule mtu. Jioni alikuwa anarudi na njaa, anakula, analala. Sebule hakuigusa.

Siku ya kumi na sita tulikuwa kwenye njia ya bluu, ambayo ndiyo ya mwisho. Nilikaa kigodani, nikavuta pumzi, nikakuta sina kitu.

"Nasubiri," alisema, brashi mkononi.

"Leo sina."

"Tafuta."

"Nimetafuta! Asubuhi nimeamka nimekuta umenipigia raba dawa. Jana umenishika mkono pale kwenye mteremko. Nikuseme nini? Siwezi kukusingizia."

Alichovya brashi, akaugeukia mti, akabamiza mara moja, mara mbili, kwa utulivu wa mtu anayetia chumvi kwenye mboga. Alama ilitoka kubwa, imepinda, ina michirizi. Mbaya kuliko zote.

Niliitazama. Nikamtazama. "Umekasirika?"

"Hapana."

"Sasa umepakaje?"

Alifuta brashi kwenye ukingo wa mkebe, upande huu, kisha upande ule. "Nimeshaizoea," alisema. "Tangu siku ya tatu."

Nilipiga hesabu, nikasimama. "Siku kumi na tatu! Nimepanda vilima na magoti haya! Nimeumaliza ukoo wako mzima, mpaka shangazi yako aliyenilea uzazi nimemsema! Na wewe huna hata hasira! Kwa nini hukuniambia nibaki nyumbani nishone nguo za watu?"

Alinyanyua mkebe, akaitazama njia ilivyokuwa inapinda kuingia kwenye miti ambayo bado haina alama.

"Njia zote hizi," alisema, "ningetembea na nani?"

Niliinama nikajifanya nafunga kamba za raba, na kamba zilikuwa zimefungwa. Nilipoinuka nilimwambia kwamba hiyo alama aliyoipaka ni aibu, na kwamba nyani wataicheka. Akanichukulia kigoda, tukaenda kwenye mti unaofuata.