Kona ya Mkonge

…na chaki imelowa, ameilamba tena, Mwalimu Maundu hulamba chaki eti ndipo iandike vizuri, halafu anakupa ushike, mate yake na yale majani ya muguka anayotafuna sasa viko vidoleni mwangu, kinyaa kimenipanda, na darasa zima linanitazama mbele ya ubao na hii pembetatu yake, Munyiva, onyesha angle ya nje, leo ukikosa unaenda ile darasa ingine, sayansi uachie wenye wako na kichwa… darasa ingine, na mimi nilishamwambia mama nitakuwa mpima mashamba, nimekosa mara mbili, nimezungusha duara nje yote ya kona, maana nje si ni nje, akacheka, majani yakaonekana menoni, na hata mimi mwenyewe najichukia, kijikona hiki kinanishinda, chembamba kama kile cha shamba letu la kona tatu Mitaboni, pale kwenye mkonge wa mpakani, nilipokuwa nikiwaongoza ng'ombe mbele na baba ameshika plau nyuma, tunalizunguka shamba, nikifika pale nawapindisha mapema, baba anapaza sauti, usikate kona, wapeleke straight kwanza mpaka mkonge, ndio uwageuze… wanapita mwisho wa shamba, pua bado zinatazama kulekule walikokuwa wakienda, ndipo nawageuza, wanageuka, wanageuka, karibu warudi walikotoka, kona nyembamba ndiyo ilinitoa jasho, zile pana wanapinda kidogo tu… ngoja… kumbe ni hiyo, ni kule kugeuka, si nje yote, ni kutoka pua zilikotazama hadi mstari mpya wa plau, ndiyo maana Mwalimu anaurefusha upande wa pembetatu upite kona, na hajawahi kusema ni wa nini, muhula mzima anaurefusha tu na kutafuna, na ukimaliza kona zote tatu ng'ombe wanatazama walikoanzia, mzunguko mzima, mia tatu na sitini, jamani, hili ndilo lilikuwa likininyima usingizi… Munyiva, tunakungoja ama umelala, anasema, na Nzembi kwenye dawati la mbele ananong'ona, chora tu kitu, wewe, na mimi bado nimesimama hapahapa, sijachora, naipangusa chaki kwenye sketi, polepole, pande zote, mpaka ikauke, maana mstari huu nimefundishwa na baba, na siuchori na mate ya mtu.