Herufi Ishirini na Nane Ukutani

Mwaka ule binti yetu Ghizlan alikuwa na miaka saba, naye alikuwa akirudia darasa la kwanza. Mwezi wa kumi na mbili mwalimu mkuu alituita, mimi na mke wangu Yamna, akatueleza kwa upole kwamba hawezi kumweka darasa hilo mwaka wa tatu. Kama kufikia likizo ya mwezi wa nne hatakuwa anazijua herufi, atahamishiwa darasa maalumu katika shule nyingine, mbali na mtaa wetu.

Darasa hilo tulilijua. Binti wa Lalla Batul, jirani yetu, alipelekwa huko. Alikwenda miezi miwili, kisha mvua zikaanza, kisha njia ikaonekana ndefu, na tangu hapo yuko nyumbani anafuma mazulia. Si kazi mbaya. Lakini Yamna na mimi tuliteremka kutoka milimani tukaja Fez kwa ajili ya shule, na sisi wenyewe shule hatukuipata. Yamna hakuwahi kukaa darasani. Mimi nilikaa miezi mitatu kwa faqihi, mwalimu wa Kurani wa kijijini, nikajifunza alifu, be, te na the. Kisha baba akaumia mgongo, nikarudi kwa mbuzi.

Ghizlan hakuwa mzito wa akili. Ungemtuma dukani vitu vitano, akarudi na vyote vitano na salamu za mwenye duka. Alijua kwa mlio wa viatu ni nani anayepanda ngazi. Majina ya herufi aliyaimba yote kwa mpangilio, kama watoto wote wa mtaani. Ila karatasini zilimshinda. Leo ameandika dali hivi, kesho vile. Aliniambia kwamba hazitulii, kwamba akiinua kalamu zinakuwa zimeshahama.

Lalla Batul alishauri ubani na ziara kwenye kaburi la walii. Yamna alikwenda, kwa kuwa hakuona ubaya wake, akarudi na mshumaa. Mama mkwe wangu alishauri fimbo. Fimbo hatukutumia.

Mimi ni fundi wa vigae. Vile vipande vidogo vya rangi unavyoviona kwenye chemchemi na kuta za nyumba kubwa, mmoja anavichonga kwa nyundo na mwingine anavipanga. Mimi ni mpangaji. Kazi yetu hufanyika kifudifudi: tunavilaza vipande sakafuni, uso chini, mgongo juu. Rangi huioni, unaona udongo mtupu, na inabidi ukumbuke kichwani wapi ni kijani na wapi ni cheupe. Ukimaliza unamwaga plasta mgongoni. Ikishika, mnaliinua bamba zima na kulisimamisha ukutani. Siku hiyo ndiyo unaiona kazi yako kwa mara ya kwanza.

Siku za mapumziko Ghizlan alipenda kukaa kwenye karakana yetu, akichambua mabaki. Siku moja niliona kwamba hatazami. Alikuwa akiongea na paka huku vidole vyake vikitenga vipande vya umbo la nyota huku, vya umbo la lozi kule, na hakukosea hata kimoja. Nilimfunga macho kwa kitambaa changu nikampa vipande ishirini. Alivitaja vyote, tena alicheka kwamba nilimpa kimoja kilichovunjika nikidhani hatajua.

Nikarudi nyumbani nikiwaza. Kama vidole vyake havidanganyiki, basi apewe herufi za kushika.

Nilimweleza Fundi Allal, mkubwa wa karakana. Akaniruhusu kuchukua mabaki ya buluu na meupe, akasema nikishamaliza kumfundisha binti niwafundishe na mbuzi wa kwetu. Kwa wiki tatu, kila jioni kabla ya chakula, nilipiga magoti kwenye ua wa nyumba. Nilifungua kitabu cha Ghizlan, nikaichora kila herufi sakafuni kwa mkaa, sawasawa na ilivyo kitabuni, kisha nikaijaza vipande vya buluu, uso chini, kama mkono wangu ulivyofanya kwa miaka ishirini. Pembeni nikajaza meupe. Bamba liliposhika, mimi na Allal tuliliinua tukalibandika ukutani, usawa wa kifua cha mtoto.

Nilizikagua zile nne ninazozijua. Alifu imesimama. Be ina nukta yake chini, te zake mbili juu, the zake tatu. Zote ziko sawa. Zilizobaki nilikiamini kitabu.

Kuanzia siku hiyo Ghizlan hakwenda shule kabla ya kupitisha vidole ukutani. Aliimba majina, na kila jina kidole kikafuata mwili wa herufi yake, kikazunguka, kikagusa nukta. Mimi nilisimama nyuma yake nimeshika gilasi ya chai, nami nikajifunza. Haya nayasema sasa. Wakati ule sikumwambia mtu. Katikati ya mwezi wa pili alikuwa akiniandikia herufi yoyote niliyoitaja, juu ya unga wa mama yake, na haikubadilika kesho yake. Yamna aliacha kuzungumzia darasa la mbali.

Wiki tatu kabla ya likizo, mwalimu wake, Bi Bahija, aliniita peke yangu. Alikuwa na watoto arobaini na wanne na sauti imemkauka. Aliniwekea daftari mbele, akasema anasikitika, hali imekuwa mbaya zaidi. Zamani mtoto alikuwa akikosea huku na huku, na mara nyingine akipata. Sasa anakosea kila mara, tena kwa uhakika.

Nilitazama ukurasa. Jimu, hee, khee, dali. Zilikuwa safi, zimepangwa vizuri, ni zilezile za nyumbani. Nilidhani mwalimu ana jambo lake na mwanangu.

"Mwalimu," nikasema, "mbona hapa hajakosea?"

Hakubishana. Alichukua chaki, akanipa.

"Bwana Bushta, hebu niandikie jimu."

Nikaandika. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuandika kwenye ubao wa shule, na niliiandika vizuri, tumbo lake limefunguka kushoto, nukta katikati. Yeye akaandika yake kando ya yangu. Tumbo la yake lilifunguka kulia. Zilitazamana kama watu wawili mlangoni, kila mmoja akimpisha mwenzake.

"Nani aliyekufundisha hii?"

"Ukuta," nikasema.

Nilipolitamka neno hilo, mkono wangu ukajua kabla ya kichwa. Nililaza vipande uso chini. Bamba likiinuliwa hugeuka. Katika nyota zetu hilo halina neno, maana nyota ni ileile mbele na nyuma, na maandishi ya kwenye kuta za misikiti hufanywa na mafundi wengine. Miaka ishirini sikuwahi kuhitaji kulifikiria. Na zile herufi nne nilizozikagua, alifu, be, te na the, ni kati ya zile chache ambazo ukizigeuza hazionyeshi tofauti.

Nilimweleza yote, nikiangalia sakafu. Nilidhani atacheka, na ningemwelewa. Bi Bahija alivuta daftari tena, akafungua ukurasa baada ya ukurasa tangu mwezi wa kwanza.

"Kwa hiyo amejifunza herufi zaidi ya ishirini zilizogeuka," alisema taratibu, "na hakuna hata moja aliyoikosea."

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi mimi ndiye niliyekuwa simfundishi." Akafunga daftari. Alisema tarehe ya mtihani hawezi kuisogeza, hiyo iko kwa mkuu. Ila ataomba mtoto asikilizwe peke yake, bila kuharakishwa, na mikono yake asizuiwe kuitumia.

Nyumbani nilimkuta Ghizlan amekaa kwenye kizingiti anakula mkate na zeituni. Nikakaa kando yake, nikamwambia kwamba ukuta una makosa, na makosa ni yangu. Hakushtuka.

"Nilijua, Ba," alisema. "Za kitabuni zinatazama kule."

"Ulijua? Mbona hukusema, mwanangu?"

Alitema kokwa la zeituni mkononi, akaliangalia.

"Za kitabuni zinahamahama. Zako zinakaa." Kisha, kwa sauti ndogo: "Na ulipiga magoti siku nyingi."

Yamna, aliyekuwa akisikiliza jikoni, alitoka na gilasi mbili za chai, akaniambia kwamba basi nikapige magoti tena, ila safari hii nikae pembeni, mtoto ndiye apange.

Ndivyo tulivyofanya. Nilileta mabaki mengine. Allal aliposikia kisa chote alicheka mpaka akaweka nyundo chini, akasema nimemfundisha mtoto kusoma kinyumenyume, kurudi nyumbani kabla hajaondoka. Halafu akachonga vipande vyote yeye mwenyewe, bila kudai kitu. Safari hii mpangaji alikuwa Ghizlan. Bi Bahija alituandikia herufi kubwa kwa wino kwenye karatasi nyepesi. Tukaigeuza, wino ukaonekana kwa nyuma, na juu ya huo mtoto akalaza vipande. Kila kimoja alikigusa kwanza pande zote. Kila alipomaliza herufi alifumba macho akaniambia upande gani tumbo lake litafungukia likisimama. Siku za kwanza alikosea mara nyingi, na mara mbili alilia. Mimi nilimpa vipande na kunyamaza, jambo ambalo si rahisi kwa mpangaji. Plasta tuliiacha kwanza, ili aweze kupanga na kupanga upya.

Siku ya mtihani wazazi tuliruhusiwa kukaa ukumbini, nje ya chumba cha mtihani, na mlango uliachwa wazi. Niliiona mikono yake chini ya meza. Mkuu alipoonyesha herufi, kidole chake kilizunguka kwanza juu ya paja, kisha akajibu. Alichukua muda mrefu kuliko mwenzake yeyote. Dhali aliikosa, na swadi na dhwadi alizichanganya. Maneno mafupi alisoma matatu kati ya kumi. Mkuu aliandika kitu, akamwita Bi Bahija, wakazungumza chinichini.

Alipandishwa darasa la pili, abaki hapohapo shuleni, chini ya uangalizi mpaka mwezi wa kumi na mbili.

Kesho yake, Ijumaa, nilichukua patasi nibomoe bamba la zamani nipate nafasi ya jipya. Ghizlan alisimama mbele ya zile nne za kwanza, mgongo ukutani.

"Hizi ziache, Ba. Hizi zilikuwa sawa."

Nikazizunguka kwa patasi polepole, nikazibakiza. Bamba jipya tulilianzia kwenye jimu.