Nilichokiona Kutoka Pha Deng

Maporomoko yalibadilika rangi mbele ya macho yangu. Tulipofika kileleni mwa Pha Deng yalikuwa meupe, uzi mwembamba unaoning'inia kwenye ukuta wa mawe upande wa pili wa bonde. Nilipoinua uso kutoka kwenye kikapu cha wali, uzi ule ulikuwa umegeuka kahawia, na ulikuwa unanenepa.

"Bounthan," mwalimu Thongdy akasema, jicho lake likiwa bado kwenye kipimo. "Mbona umenyamaza ghafla?"

Nilimwonyesha maporomoko kwa kidole. Juu yetu jua lilikuwa linachoma. Mvua ilikuwa mbali, nyuma ya milima ya mashariki, wingu jeusi limelikalia bonde la Na Tong kama kuku aliyeatamia mayai. Huko hatukuwa na mtu. Lakini maji ya Na Tong hayana njia nyingine. Huanguka pale kwenye maporomoko, hukatiza mashamba yetu ya mpunga, kisha huingia ndani ya mlima ule ule tuliokuwa tumesimama juu yake, kupitia mdomo wa pango tunaloliita Tham Lom. Na ndani ya Tham Lom, chini ya nyayo zangu, alikuwamo mke wangu.

Kuipanda Pha Deng kulikuwa kumetuchukua saa nne. Mawe ya chokaa ya kule juu yamechongoka, huwezi kuyakimbilia. Unashuka kinyumenyume, mkono baada ya mguu. Maji kutoka maporomoko hadi pangoni huchukua saa moja, pengine pungufu. Nilipiga hesabu hiyo mara tatu.

Asubuhi ile ilikuwa zamu yangu kuingia pangoni. Mwalimu alikuwa amekuja kutoka mji mkuu, Vientiane, na wanafunzi wawili, Daovone na Sengphet, kupima mapango na vilele vyetu kabla ya masika, na mimi na mke wangu Viengkeo ndio tuliokuwa tukiwaongoza. Tulikuwa siku ya saba. Tulipokuwa tunakunywa chai nikaona goti la mke wangu limevimba.

"Leo niachie kilele," nikamwambia. "Wewe nenda pangoni. Kuna kivuli, na njia ni tambarare."

"Sema tu unataka kula upepo huko juu, mimi nibaki na popo."

"Popo wanakupenda. Mnafanana masikio."

Alinipiga kwa donge la wali mgongoni. Wanafunzi wakacheka. Akajifunga taa kichwani, akaondoka mbele yao akichechemea kidogo, na hakugeuka nyuma, kwa sababu tungeonana jioni.

Mwalimu alikuwa na redio koli. Ya pili ilikuwa kambini, kwenye banda la kupikia hatua mia mbili kutoka mdomo wa pango, mikononi mwa mama mkubwa Sida. Huyo ni dada wa marehemu mama yake Viengkeo, ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Ndani ya pango redio haishiki. Mwamba unameza kila kitu.

"Mama mkubwa, nisikilize. Maji yanakuja. Mengi. Waite watoke."

"Maji gani, mwanangu? Huku kukavu. Nimeanika pilipili."

"Yanatoka Na Tong. Nayaona kwa macho yangu. Nenda mdomoni uwaite."

"Sauti yangu hii itafika wapi? Wako ndani kabisa."

"Basi piga kitu. Kitu chochote chenye mlio. Usiingie, umenisikia? Simama mdomoni upige."

Nilisikia akihema, kisha vyombo vikigongana. Aliichomeka redio kiunoni, kwenye mkunjo wa sketi yake, na kitufe cha kusemea kikabaki kimebonyea. Tangu hapo nilisikia kila kitu alichokifanya, naye hakusikia neno langu hata moja. Nilisikia kandambili zake kwenye changarawe. Nilisikia mwiko ukipiga kitako cha sufuria, kwanza haraka haraka, kisha kwa mpigo mmoja usiobadilika. Katikati ya milio alikuwa akimwita Viengkeo kwa kifupi. "Keo. Njoo, mwanangu. Keo."

Nilianza kushuka na redio mkononi. Mwalimu alinishika shati, nikalichomoa. Nilishuka kama hatua ishirini, nikapita bega la mwamba, na redio ikakatika. Ulibaki ule mvumo mtupu tu. Nilisimama pale nimekumbatia jiwe, damu ikitoka viganjani. Nikishuka, nitafika nikiwa nimechelewa kwa saa tatu. Nikipanda, nitasikia.

Nilirudi juu. Kwa miaka mingi sikumwambia mtu yeyote jambo hilo.

Maji yaliingia mashambani taratibu, au ndivyo yalivyoonekana kutoka kule juu, kama mtu anayetandua mkeka. Nyati walihama wenyewe, mmoja mmoja, wakapanda kwenye tuta. Watu wawili, wadogo kama chawa, walikuwa wakikimbia kuelekea kijijini. Niliwapigia kelele. Mwalimu naye akapiga kelele, mtu mzima mwenye mvi, akipunga kofia yake kwa watu wasiomwona. Kisha akaketi chini, akaweka kofia usoni.

Sufuria ilizidi kulia. Ikalia hadi nikaanza kuichukia. Halafu ikanyamaza, na mama mkubwa akasema polepole, kama mtu anayezungumza na nafsi yake, "Yameshafika."

Baada ya hapo redio ilitoa sauti ya maji tu.

Tulifika chini jua likizama. Mama mkubwa alikuwa ameketi kwenye mwinuko juu ya mdomo wa pango, amelowa hadi kifuani. Mdomo wenyewe haukuwapo. Palikuwa na ukuta wa mawe, na chini yake maji ya kahawia yakizunguka na matawi. Watu wa kijiji walikuja na kamba na mtumbwi. Mtumbwi ulisukumwa mara mbili na ukarudishwa mara mbili. Siku tatu tulikaa pale. Watu waliniletea wali, waliketi kando yangu, waliondoka. Kila baada ya muda mtu alichomeka kijiti ukingoni kuona kama maji yameshuka, na sote tukakitazama kile kijiti kana kwamba ndicho chenye kuamua.

Asubuhi ya nne tuliingia. Daovone na Sengphet tuliwakuta hai katika ukumbi wa juu, pakavu, wamejikunyata kwenye kinyesi cha popo. Maji hayakuwa yamefika hata karibu yao. Viengkeo tulimkuta njia ya chini, pale inapopinda, si mbali na mwanga. Nilimbeba mwenyewe.

Daovone aliniambia baada ya mazishi, mwili ulipokwisha kuchomwa kwa desturi yetu, tukiwa wawili tu nyuma ya hekalu. Alisema bila kunitazama.

"Tulikuwa tumebakiza kazi ya saa mbili kule juu. Tukasikia mlio, mdogo sana. Dada Keo akacheka. Akasema, mama mkubwa leo kaivisha mapema. Tukasema twende wote. Akasema, malizeni nyie, mimi goti linataka kunyooka. Nitawaletea."

Siku zote sita zilizotangulia, ilipofika mchana, mama mkubwa aligonga sufuria tuje kula. Nililijua hilo. Kila siku ya zamu yangu pangoni niliisikia, nami niliacha kazi na kuifuata. Niliposema piga kitu chochote, sikulikumbuka.

Nilimwomba Daovone asimwambie mtu. Akakubali kwa kichwa, akilia. Uani mwa hekalu watu walikuwa wakimwambia mama mkubwa kwamba bila sufuria ile hata wanafunzi wangekufa, kwamba Keo aliwapandisha juu alipousikia mlio, kisha maji yakamwahi. Ilikuwa hadithi nzuri, na kila mtu alikuwa ameshaishika. Nikaiacha.

Imepita miaka kumi na tisa. Siongozi tena wageni. Ninalima tumbaku kando ya mto. Mama mkubwa anakaribia themanini na anaishi kwangu. Kila mwaka, mwezi ule ukifika, tunapeleka wali kwa watawa kwa jina la Keo, na kila mwaka, tukishamaliza, ananiuliza swali lile lile.

"Walisikia, sivyo?"

"Walisikia, mama mkubwa."

Huitikia kwa kichwa, na hajawahi kuuliza zaidi ya hapo. Mwaka huu aliuliza mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimemshika mkono, tunashuka ngazi za hekalu, na nilihisi vidole vyake vikikaza. Nikamjibu vilevile, nikamwonyesha ngazi inayofuata ilipo.