Mume Aliyebebeshwa

Saandia alikuwa amekaa kwenye kigoda shambani Patsy, juu ya mji wa Mutsamudu, akikata kilele cha mche wa mumunye kwa wembe. Alitoboa tundu penye kidonda, akachomeka kikonyo cha tikiti alichokichonga pande mbili, akafunga kwa utepe wa kamba ya mgomba. Alikuwa amemaliza miche arobaini na adhuhuri bado. Udongo wa pale ulikuwa na ugonjwa unaonyausha matikiti yangali mabichi, lakini mizizi ya mumunye haiujali. Kwa hiyo mumunye hubebeshwa tikiti, nao watu hula tikiti.

Kazi hiyo alifundishwa na mumewe, Youssoufa, bwana shamba aliyeletwa kutoka Moroni, mji wa kisiwa kingine, mwaka ule ule mamluki wa Kizungu walipoteremka na bunduki zao. Mwanafunzi akampita mwalimu: miche ya Youssoufa ilishika nusu, ya Saandia ilishika yote. Ndoa yao kadhi aliiandika, lakini haikuwa ndoa kubwa. Ndoa kubwa mtu wa Moroni huifanya Moroni, na binti wa mji wake, kwa siku za ngoma na dhahabu. Asipoifanya, hata aote mvi, hana ruhusa ya kusema mbele ya wakubwa barazani. Youssoufa alikuwa amewekewa Faouzia tangu utotoni. Sasa barua ilikuja kwamba nyumba ya bibi harusi imekwisha, harusi ni mwezi ujao.

Saandia aliisoma mara tatu, akaona gere. Si kwa dhahabu. Dhahabu na wavae wenyewe. Alimtaka Youssoufa abaki, basi.

Mchana huo, Youssoufa akiwa amelala kivulini baada ya wali, Saandia alimkata kisigino mkato mdogo wa mshazari, akakipachika kwenye shina la mumunye na kukifunga. Cha pili vilevile. Youssoufa alipoamka alisema miguu inamwasha.

"Usitikisike," Saandia akamwambia. "Siku nane tu."

Akamjengea kibanda cha makuti, kwa kuwa kinachobebeshwa hakitaki jua. Youssoufa alinung'unika kidogo juu ya ripoti zake za ofisini, kisha akaomba chai. Siku ya nane Saandia alimvuta kidogo. Alikuwa ameshika.

Wiki mbili baadaye mjomba wa Youssoufa, Djaffar, alifika kwa meli kutoka Moroni, na kofia yake ya kutarizi, akamkuta mpwa wake amesimama katikati ya tuta.

"Mizizi?" akauliza.

"Mizizi, mjomba," akajibu Youssoufa.

"Na harusi wiki ijayo! Ng'ombe wameshanunuliwa." Djaffar alilizunguka tuta, halafu akamgeukia Saandia. "Binti yangu, wanasema huku hakuna mkono kama wako. Nikileta mtu wa panga, huyu ataoza. Mkate wewe."

"Na mimi nibaki na nini, mjomba?"

"Miguu," akasema Djaffar, kwa upole wa kweli. "Miguu nani kakunyang'anya?"

Saandia alimtazama mumewe, akingoja aseme hapana. Lilikuwa neno fupi tu. Youssoufa alisafisha koo.

"Kata mshazari," akasema. "Chini ya goti. Na wembe uuchemshe kwanza."

Angeweza kukosea. Mkono upotoke kidogo tu, na Faouzia angepokea mume wa kunyauka siku ya tatu. Saandia aliiwaza fikra hiyo, akaipenda sana. Lakini mkono ulikuwa umezoea kukata sawa, ukakata sawa. Akavifunika vidonda kwa majani mabichi ya mgomba, akamlaza Youssoufa kwenye tenga kubwa, pamoja na matikiti ya wageni wa harusi.

Bandarini Mutsamudu mamluki mmoja mwenye sare nyeusi alilifungua tenga, akauliza kama huyu ni abiria au mzigo. Djaffar alisema ana tiketi. Mzungu akampima Youssoufa kwa macho, akaandika mzigo, akachukua matikiti mawili kama kawaida yake, akawaruhusu wapite.

Saandia alibaki akiimwagilia miguu asubuhi na jioni. Ilikuwa na afya. Kucha ziliota, zaidi ya kucha hakikuota kitu. Mwezi wa pili shoga yake Hadjira, aliyetoka Moroni, alimwambia Youssoufa ameshika na amenenepa. Saandia hakulala kwa wivu siku mbili, ya tatu akapanda meli.

Alimkuta uani kwa Faouzia, kwa kuwa mume ndiye huhamia kwa mke. Amevaa joho la nyuzi za dhahabu, amesimama juu ya mashina mawili ya mumunye aliyobebeshwa kwa maelekezo yake mwenyewe. Mkato wa Saandia ulikuwa mzuri kiasi kwamba hata maelekezo ya mtu ambaye miche yake hushika nusu hayakuweza kuuharibu. Wazee walikuwa wamemzunguka, yeye akisema nao wakisikiliza.

"Nani alikukata vizuri hivi?" mzee mmoja akauliza.

Youssoufa alimwona Saandia mlangoni. "Daktari wa Kizungu," akajibu.

Saandia alisogea, akainama, akapitisha kidole penye kiungo. Alitafuta ufa, alitafuta uozo, alitafuta hata harufu. Ngozi ilikuwa imefunga pande zote. Njia nzima alikuja akimwonea wivu Faouzia; sasa akauonea wivu mkono wake mwenyewe, unaosifiwa uani kwa watu kwa jina la mwingine.

"Karibu, dada," akasema Faouzia, msichana mwenye uso mwema, akimpa kipande cha tikiti kwenye sahani. "Kula. Ni la shamba la mume wangu, la Patsy."

Saandia akala. Lilikuwa tamu, na hilo nalo lilimuuma.