Mlango Uliowafungia Wakwe

Mimi si mwanamke wa kulalamika, lakini nyumba hii ina maelekezo kuliko dawa za hospitali. Redio ukiiwasha, uipige kibao kimoja ubavuni. Vikiwa viwili inahama stesheni. Kiti cha kushoto usikiegemee. Pasi usiiguse bila ndala. Yote hayo ni matengenezo ya mume wangu, Sixbert, mstaafu wa reli hapa Itigi, ambaye amejenga kibanda nyuma ya nyumba na kukiita karakana. Hakuna kitu chetu kilichowahi kufa, wala hakuna kilichowahi kupona.

Mimi na binti yetu Jesca tumezoea. Anayepata tabu ni mgeni. Kwa hiyo tulipoletewa habari kwamba wazazi wa Peniel wanatoka Kintinku kuja kuposa, nilikosa raha wiki nzima. Jesca anampenda yule kijana. Nilitaka jambo moja tu: watu wake waingie, wazungumze, wale, waondoke bila kusema wameposa kwenye vyuma chakavu.

Kilichoninyima usingizi ni mlango wa sebule. Chumba kile kina mlango mmoja tu, unafungukia uani, na dirisha lina nondo. Kitasa mume wangu alikifunga juu chini, kwa hiyo mkono wake haubonyezwi, unanyanyuliwa, huku unasukuma kwa goti. Bawaba alizipiga kwa nje, kama za banda la kuku.

"Baba Jesca," nikamwambia, "tumwite fundi."

"Fundi gani tena?" akaniuliza, bisibisi iko nyuma ya sikio.

Asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa nanyonyoa kuku nikasikia nyundo. Nikakimbia na manyoya mkononi. Alikuwa amesimama mbele ya mlango, anafuta jasho kwa furaha.

"Nimewaondolea wageni usumbufu. Sasa unafunguka kama wa benki."

"Umeujaribu?"

"Theresia, kazi yangu haijaribiwi."

Wageni wakafika saa nne. Mshenga alikuwa Mzee Abraham, mtu wa maneno mazito, akiwa na wajomba wawili wa Peniel na mama yake, Editha, aliyevaa kitenge kipya na uso usiosema kitu. Peniel mwenyewe alibaki uani, maana mazungumzo yale si yake. Jesca alikuwa jikoni akingoja kuitwa. Mimi nikaingia wa mwisho na beseni la kunawia, upepo ukausukuma mlango nyuma yangu. Ukajibamiza, pu!

Mzee Abraham akaongea vizuri, akazunguka, akatua. "Basi aitwe binti, aulizwe kama anawafahamu wageni hawa."

Nikainuka kwenda kumwita. Nikanyanyua mkono wa kitasa. Kimya. Nikabonyeza. Kimya. Nikatia goti, mbele za wakwe, na bado.

"Unaukosea," mume wangu akasema, akaja. Akanyanyua, akabonyeza, akatia goti, akatia bega. Mwishowe mkono wa kitasa ukang'oka na kumbakia kiganjani. Akautia mfukoni mwa koti kana kwamba watu watano chumbani hatukuona.

"Huku Itigi," Mzee Abraham akauliza polepole, "wakwe hufungiwa kwanza?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mjomba mmoja akakiegemea kiti cha kushoto, na sitaki kueleza kilichompata. Nikakimbilia dirishani, nikamwita Jesca alete bisibisi kutoka karakana.

Hakuhitaji kwenda. Peniel alikuwa anatokea huko, bisibisi mkononi na redio yetu kwapani, imefunguliwa tumbo.

"Shikamoo, baba," akasalimu kupitia nondo.

"Marahaba. Anza na bawaba ya juu."

"Hapana, baba. Nikianza na ya juu mlango utawalalia. Naanza na ya chini."

Miaka thelathini na miwili ya ndoa sijamsikia mtu akimwambia mume wangu hapana kwenye mambo ya vifaa. Nikangoja alipuke. Badala yake akatabasamu kwa meno yote.

"Huyu," akanong'ona, "huyu nimempata."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Aibu ya wakwe niliisahau. Niliona binti yangu anavyokwenda kuishi kwenye nyumba nyingine ya maelekezo, kwa mume mwingine wa bisibisi, na mimi ndiye niliyepika pilau la kumsindikizia. Naye Jesca alikuwa amesimama kando ya kijana, kiganja wazi, anapokea skrubu moja moja. Hakuna aliyemwambia.

Mzee Abraham akachoka kungoja, akasogea dirishani. "Binti, unawafahamu wageni hawa?"

"Nawafahamu," Jesca akajibu bila kuinua kichwa. "Ila msisukume kwanza."

Mama Editha akapiga kigelegele hadi kuku wakatawanyika uani.

Tulikula mlango ukiwa umeegemezwa ukutani. Baada ya chakula wanaume wawili wakaurudisha, mume wangu na Peniel, wanabishana kama wamezaliwa pamoja. Ukafungika, ukafunguka. Sakafuni ikabaki skrubu moja. Wakaitazama.

"Hii haikuwa na kazi," wakasema kwa pamoja.

Mama Editha akanivuta mkono. "Mwenzangu," akaninong'oneza, "alianza akiwa darasa la tatu. Kwangu skrubu za kubaki zimejaa kopo." Tukacheka mpaka tukashikana mabega, lakini mimi cheko langu lilikuwa na machozi ndani.

Nikamfuata Jesca jikoni nimwambie ukweli kabla wageni hawajaondoka.

"Mwanangu, umeiona ile skrubu iliyobaki?"

"Nimeiona, mama."

"Na bado unamtaka?"

Alifungua pindo la kanga yake akanionyesha. Alikuwa ameshaiokota, akaifuta vumbi.

"Itakuja kutafutwa tu," akasema.

Miaka yote hii nimewaambia watu kwamba navumilia, na sijui nani aliwahi kuniamini. Nikamwambia akaze fundo, isije ikadondoka.