Mpangaji wa Namba Nne

Maji ya zimamoto yalikuwa yameshaganda. Yalitiririka kutoka madirisha ya juu yakashikana na ukuta, yakaning'inia kwenye kingo za paa marefu kama mkono wa mtu mzima, na ndani ya barafu hiyo Rahab aliliona pazia lake la jikoni, lile la maua ya njano, limekwama nusu ndani nusu nje. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, Januari ya mwaka tisini na saba, nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri. Alikuwa anatoka kazini katika mji wa jirani wa Crystal, sare ya kuwaogeshea wazee bado iko chini ya koti. Gari aliliacha likinguruma katikati ya maegesho kwa sababu hakukumbuka kulizima.

Kijana wa zimamoto alimfuata mpaka kwenye utepe wa kuzuia watu. Masharubu yake yalikuwa na barafu.

"Mama, unaishi humu?"

"Hapana," alisema Rahab. "Nimekuja kumwona rafiki."

Neno lilimtoka kabla hajafikiri. Miaka miwili na nusu alikuwa amejifunza kusema hivyo kwa posta, kwa fundi wa bomba, kwa yeyote aliyegonga mlango akiwa na kalamu. Mkataba wa namba nne ulikuwa wa Naftali Muriuki. Naftali alipopata nyumba yake Burnsville hakurudisha funguo ofisini. Alimpa kijana mmoja wa Nyeri, yule naye akampa mwenzake, hadi zikamfikia Rahab. Ndivyo Wakenya wa Brooklyn Park, Minnesota, walivyokuwa wakifanya. Aliyetua jana hana historia ya benki wala barua ya mwajiri, na hakuna ofisi itakayompa hata stoo ya kulala. Basi anaingia kwenye jina la aliyemtangulia kama anavyoingia kwenye koti lake kuukuu, analipa kodi kwa jina hilo, anasaini kwa jina hilo, na akiulizwa anasema yeye ni mgeni tu.

Kijana aliandika kitu kwenye daftari lake. Halafu akampa karatasi iliyokunjwa. "Basi mpe rafiki yako hii."

Juu yake paliandikwa mambo ya kufanya baada ya nyumba kuungua. Usiingie ndani. Ijulishe kampuni ya bima. Mjulishe mwenye nyumba. Tafuta vitambulisho vyako. Rahab alisoma mstari huo wa mwisho mara tatu. Paspoti yake na ya mtoto zilikuwa kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda, pamoja na barua za chuo alichokiacha karo ilipomshinda, na viza ikafa pamoja nacho.

"Kuna mtu ameumia?"

"Mzee wa juu. Amevuta moshi mwingi. Wamemkimbiza hospitali."

Mzee huyo alikuwa Alfred, Mliberia, mjane, aliyekuwa akigonga sakafu yake kwa fimbo kila asubuhi ili Abigail, binti yake Rahab, amgongee dari kwa ufagio. Tena Alfred ndiye aliyemshauri aandike kuhusu soketi ya nyuma ya jiko, ilipoanza kutoa cheche mwezi wa Septemba. Rahab aliandika fomu tatu za matengenezo, za rangi ya waridi, akazisaini "N. Muriuki", akazitumbukiza kwenye sanduku la ofisi. Hakuja mtu.

Basi la shule lilifika saa kumi. Abigail, mwenye miaka saba, alishuka na mkoba wake mgongoni, akasimama.

"Mom, where's our window?"

"Ingia kwenye gari."

Rahab aliendesha mpaka kituo cha mafuta cha pale kona, akatumia simu ya ukutani. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, akakosea namba mara mbili. Ilikuwa siku ya Naftali ya kupumzika, ndiyo maana alimpata nyumbani.

"Baba Fiona, nyumba imeungua."

"Nyumba gani?"

"Namba nne."

Upande wa pili redio ikazimwa.

"Kuna mtu ameumia?"

"Mzee Alfred, yule wa juu. Ni ile socket, Baba Fiona. Niliandika mara tatu, na jina lako. Ukikuja tu kwa office uwaambie hizo form ni zako, watajua tuliwaambia mapema."

"Mama Abigail, ngoja. Ngoja kidogo. Mimi nilihama huko ninety-three. Siwezi kuwa na-live Burnsville na Brooklyn Park at the same time. Niko na interview ya green card mwezi ujao, tarehe kumi na nne. Unataka niwaambie immigration nini?"

"Na mimi nitawaambia nini?"

"Usitaje jina langu. Nakuomba hivyo tu, kama ndugu yako. Tutakuombea. Jumapili nitasimama kanisani niseme watu wachange nguo. Mtoto anavaa size gani?"

"Saba," alisema Rahab, kwa kuwa ameulizwa.

Alirudi garini akakaa mikono ikiwa kwenye usukani. Alikuwa na hofu ya namna ambayo hakuijua, hofu inayomfanya mtu atake kwenda haja. Tangu sheria mpya ya uhamiaji ipitishwe, watu walikuwa wakinong'ona baada ya ibada: fulani amechukuliwa kiwandani, fulani amesimamishwa kwa taa ya gari iliyoungua na hakuonekana tena. Alifikiria kwenda kwa Wambui, binamu yake, kule Crystal. Akaogopa. Kazini yeye alikuwa ndiye Wambui. Namba ya Wambui ya hifadhi ya jamii ndiyo iliyompa kazi, na kadi aliyoigonga kwenye saa kila asubuhi ilikuwa na jina la Wambui. Hakutaka kuwaonyesha watu njia ya kufika pale.

Waliporudi kwenye majengo, Mark, meneja wa nyumba, alikuwa akiwasubiri. Ofisi yake ilikuwa kwenye jengo la pili, ambalo moto haukuligusa, yenye joto na harufu ya kahawa. Huyu Mark alimjua Rahab vizuri. Krismasi alimwita "Bibi Naftali" na kumpa Abigail peremende. Leo alimpa mtoto biskuti, akamwonyesha kiti cha karibu na mlango, kisha akamtazama mama yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Zimamoto wameandika kwamba huishi hapa."

"Mark, unanijua."

"Ninachojua ni kilichomo humu." Alifungua faili. "Naftali Muriuki. Mtu mzima mmoja. Mtoto hakuna. Nimezungumza naye sasa hivi. Anasema alihama kitambo na funguo alirudisha."

Rahab aligeuka kumtazama Abigail pale mlangoni.

"Kwa hiyo kulikuwa na watu ndani ya nyumba yetu bila ruhusa," aliendelea Mark, kwa sauti ya mtu anayemfariji mgonjwa. "Hao wanaitwa wavamizi. Moto ukitokea kwa wavamizi, polisi wanakuja. Na polisi watataka kitambulisho. Unacho?"

"Kimeungua."

"Naam."

"Moto ni wa soketi. Niliandika. Septemba, Oktoba, na wiki moja kabla ya Krismasi."

"Nani aliandika?"

Rahab aliyashusha macho mezani.

"Mimi sina fomu yoyote yenye jina lako."

Pembe ya karatasi ya waridi ilikuwa ikichungulia chini ya kalenda ya mezani. Rahab aliiona. Mark aliona kwamba ameiona, akasogeza kikombe chake cha kahawa taratibu na kukiweka juu yake.

"Saa sita na nusu mchana, moto ulipoanza, ulikuwa wapi?"

Saa sita na nusu alikuwa amemshika kwapani bibi wa miaka tisini, yeye na mwenzake, wanamhamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Watu wanane wangeweza kulishuhudia hilo, na wote wanane wangesema walimwona Wambui. Wambui alikuwa na watoto wawili na kazi yake mwenyewe mjini Saint Paul saa hiyohiyo. Neno moja tu, na wangezama wote.

"Nilikuwa nje."

"Nje." Mark alitikisa kichwa kwa huruma. Akavuta karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. "Sikiliza. Sitaki kukuharibia maisha. Hii inasema kwamba wewe ni mkazi wa namba nne, na kwamba uliacha sufuria ya mafuta jikoni. Ajali. Hakuna anayefungwa kwa ajali. Ni ya bima, haitoki kwenye ofisi hii. Ukisaini, wewe ni mpangaji aliyepatwa na bahati mbaya. Usiposaini, wewe ni mvamizi."

Abigail aliteremsha biskuti yake. "But Mom, you don't cook at lunch. You're at—"

"Nyamaza."

Hakuwa amewahi kumkaripia mtoto kwa sauti ile. Abigail alijikunyata ndani ya jaketi lake. Mark alijifanya anatafuta kalamu ingawa alikuwa nayo mkononi.

Rahab aliisoma karatasi tangu juu hadi chini. Alimfikiria mzee Alfred na mirija ya hewa puani. Sufuria ya mafuta. Mafuta yenyewe alikuwa nayo kidogo tu kwenye chupa, ya kukaangia vitunguu. Alitafuta namna ya kusema hapana, na kila namna aliyoipata iliishia mlangoni kwa Wambui au uwanja wa ndege. Akaishika kalamu.

"Jina lako lenyewe," alisema Mark. "Tusije tukapata matatizo."

Akaandika Rahab Wanjiku Gathogo. Tangu aondoke chuoni hakuwahi kuliandika jina lake kamili kwenye karatasi yoyote ya Minnesota, na sasa lilikuwa hapo, karibu na namba ya nyumba yake, kwenye mstari ulionyooka. Mark alitoa nakala kwenye mashine, akampa. Ilikuwa bado ina joto.

Wapangaji wengine walikuwa wamepelekwa kwenye ukumbi wa kanisa la Kilutheri, mitaa mitatu kutoka pale. Giza lilikuwa limeingia saa kumi na moja, kama kawaida ya majira yale. Ndani kulikuwa na meza ndefu, majagi ya kahawa na masanduku ya nguo, na mama wa makamo mwenye beji ya shirika la msaada kifuani, Bi. Lindgren, aliyekuwa akiandikisha watu kwa mwandiko mzuri wa mwalimu. Alikuwa mpole. Alimpa Abigail glavu nyekundu kabla ya kuuliza chochote.

"Namba ngapi, mpendwa?"

"Nne."

"Una kitu cha kuonyesha kwamba unaishi pale? Bili ya umeme, barua, mkataba. Chochote chenye jina na anwani."

"Vimeungua."

"Wengine tumewakuta kwenye orodha ya meneja. Kwenye nne nina bwana mmoja tu." Bi. Lindgren aliinua miwani. "Samahani sana. Blanketi ninaweza kukupa, na chakula. Chumba cha moteli hapana, mpaka nipate uthibitisho. Watu wanakuja kutoka mitaani, unaelewa. Mna mahali pa kulala?"

Rahab alifikiria gari. Tangi lilikuwa robo. Injini ikizimika usiku kwenye nyuzi zile, mtoto hataamka. Alijua, kazini walikuwa na mzee aliyekatwa miguu yote miwili kwa baridi ya usiku mmoja. Alijaribu kufikiri haraka na kichwa kikakataa. Mkono wake ndio uliotangulia kuingia mfukoni.

Bi. Lindgren aliisoma nakala polepole. Alipofika katikati midomo yake ilikazana, kisha ikalegea. Akamshika Rahab kiganja.

"Pole, mpendwa. Mambo haya hutokea. Mimi mwenyewe nimewahi kusahau pasi ikiwaka." Aligeuza karatasi akaangalia nyuma. "Hii inatosha kabisa. Ina jina, ina namba ya nyumba, ina tarehe ya leo."

Akaibana kwa pini kwenye fomu yake. Akatoa ufunguo wa moteli ya kando ya barabara kuu, siku tatu, pamoja na mfuko wenye miswaki miwili na sabuni. Rahab alisema asante. Aliona haya jinsi mwili wake ulivyofurahi kusikia neno kitanda.

Alipiga magoti kumfunga Abigail kamba za viatu, na hapo mlango ukafunguka, ubaridi ukaingia pamoja na mtu aliyevaa koti refu la wachunguzi wa moto wa kaunti. Alikung'uta theluji, akaenda moja kwa moja mezani. Alisema kwa sauti ya chini, lakini ukumbi ulikuwa na mwangwi.

"Yule mzee wa namba nane amefariki. Saa kumi na moja kasorobo."

"Ee Mungu wangu," alisema Bi. Lindgren.

"Moto umeanzia nne, chini yake. Tangu mchana ninamtafuta aliyekuwa akikaa mle. Aliyeandikwa anasema alihama. Zimamoto wanasema alikuja mgeni tu. Meneja amefunga ofisi. Kila ninayemuuliza ananiambia hakuna aliyekuwa akiishi pale."

"Yupo," alisema Bi. Lindgren, na uso wake ulichangamka kidogo kwa kuwa ameweza kumsaidia mtu. "Ndiyo kwanza nimemwandikisha."

Akabandua pini.

Mtu wa kaunti alisimama chini ya taa akasoma. Alisoma mara moja, akarudia. Rahab alibaki amepiga magoti, kamba ya kiatu mkononi, hakuweza kuikaza wala kuiachia. Kulikuwa na mlango mwingine nyuma ya jukwaa, na kati yake na mlango huo kulikuwa na watu arobaini wamekaa na sahani mapajani.

"Rahab," alisema yule mtu, akiinua macho na kuyapitisha ukumbini. "Rahab Wan... Wanja..." Jina lilimshinda. Akaitazama tena karatasi.

Abigail akanyoosha mkono juu, kama wanavyofundishwa shuleni.